Cha Uvunguni

Bibi Lavinia alituapia, upawa wa mchuzi mkononi,
kwamba Jotham Thurlby alikuwa mwana wa bwana mkubwa,
kwamba alivuka Atlantiki na watumishi sita
na simba wa dhahabu kwenye bendera.
Sote tukanyoosha migongo mezani.
Ukoo wenye simba hauinamii sahani.

Sasa nimestaafu posta. Nina muda,
nina jozi mbili za miwani na goti la chuma.
Nashuka ngazi za ghala la nyaraka, huku Massachusetts,
ambako karani, Bwana Ostrander, hunipa glavu za pamba
na kunitazama kama mwizi wa kuku.

Mwaka 1641: Jotham Thurlby, mtumishi wa mkataba,
miaka saba kwa fundi mapipa.
Simba hayumo.
Mwaka 1649: Jotham Thurlbie, faini shilingi mbili,
nguruwe wake amefukua mahindi ya jirani.
Mwaka 1652: Jothum Thirlby, shilingi tano,
amekoroma kanisani, mara ya pili.
Kila karani akichonga kalamu, jina linageuka.
Mtu ni yuleyule. Nguruwe pia, pengine.

Kisha hati ya shamba:
ekari arobaini kando ya mto Nashua
kwa mablanketi matatu na sufuria ya shaba.
Jotham kaweka msalaba uliolala ubavu,
kama mtoto anayefuta hesabu aliyokosea.
Muuzaji kachora unyayo wa korongo,
mistari mitatu, na wino haukutetemeka.
Karani kaandika "mwenyeji", akafunga kitabu.

Niliwapigia simu Wanipmuc, kuuliza kama kuna amjuaye.
Mwanamke aliyepokea alikaa kimya, kisha akacheka kidogo.
"Sisi hatujapotea, mama," akasema.
"Anayetafuta ni wewe."
Nikamshukuru. Sikujua la kuongeza.
Hata leo sijui.

Watoto wameandikwa wote:
Silence, Eliphalet, Hopestill,
na mapacha waliokufa kabla ya kupewa majina.
Kila mstari unasema: mtoto wa Jotham,
mtoto wa Jotham, mtoto wa Jotham,
kana kwamba aliwazaa peke yake,
kati ya pipa na pipa.

Mpaka orodha ya mali, alipokufa:
fahali wawili, shoka tatu, godoro la manyoya, lenye tundu,
gurudumu la kusokotea sufu, la mkewe.
La mkewe.
Miaka kumi na mmoja ya kutafuta
na nimepata maneno mawili na gurudumu.
Nilikaa nayo mpaka Bwana Ostrander akazima taa.

Kiangazi hiki tumeuza nyumba ya Bibi.
Binamu Waldo alileta mtaimbo
ang'oe jiwe la kizingiti cha jikoni,
lile jeusi, laini kama sabuni iliyokwisha,
ambapo Bibi alituvua viatu vya matope
na tuliporukia mguu mmoja tukisubiri pai ipoe.
Lilikuwa zito. Lilipopinduka, minyoo ikakimbia jua,
na fuvu lenye mabawa likatukodolea macho.

Nikaita ndoo. Nikaita brashi ya viazi.
Waldo akapiga magoti, nami nikapiga,
goti la chuma likilalamika.
Herufi zikatoka moja moja, kama wageni wenye haya:
MEHETABELL
MKE WA J. T.
MIAKA 38

Sijui nani alimng'oa kaburini
akamlaza kifudifudi mlangoni mwa wanawe.
Labda mawe yalikuwa adimu. Labda tope lilikuwa jingi.
Tumemkanyaga vizazi vinne, tukiingia kula,
migongo imenyooka.

Ubini wake haupo. Nililichungulia jiwe pande zote, hata kingo.
Waldo alisema: basi, inatosha, jua linatua.
Nimemfunika kwa koti langu la posta.
Jumatatu ghala linafunguliwa saa tatu asubuhi.
Glavu nimezifua mwenyewe.