Upande wa Kushoto

Nimeinunua kwa mjane Herminda, huku Chubut,
pikapu ya mwaka themanini na sita,
rangi ya maziwa yaliyoungulia sufuriani.
"Huvuta kushoto kidogo," aliniambia,
kwa sauti ya mtu anayetaja kasoro ya marehemu.

Kidogo!
Kilomita arobaini za changarawe
nimepigana na usukani kama na kondoo dume
asiyetaka kunyolewa.

Leo upepo wa Patagonia umechoka.
Jeki chini ya mkono wa chini, karibu na jointi,
magogo mawili nyuma, maana jeki haina mjomba.
Nashika gurudumu juu na chini, natikisa.
Kap.
Ceferino, shavu kwenye vumbi, tochi mdomoni:
"Inacheza."

Neno la watoto hilo, neno la harusi,
lakini chuma kikicheza ni ugonjwa.
Nashika kushoto na kulia: kimya. Tairodi nzima.
Basi ni jointi. Na bushi, zilizopasuka kama visigino.
Na shokamzoba iliyotoka jasho lake lote
ikabaki ganzi.
Tairi limeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia.

Nahamia kulia, nimejiandaa kulaani.
Grisi mbichi.
Bushi mpya, nati zimefutwa,
mpira wa jointi unang'aa kama zabibu.

Mtu gani hutengeneza nusu ya gari?

Herminda amefika na kibuyu cha yerba chungu.
Anamtazama Ceferino alivyolala.
"Rosendo alivunjika nyonga," anasema.
"Akawa anaweza kulalia ubavu mmoja tu.
Nilimwambia aite mtu. Angemwita nani?"
Ananipokeza kibuyu, anarudi ndani.

Hatukusema kitu.
Nyundo: si kwenye jointi, kwenye jicho linaloishika,
pigo la tisa, la kumi,
ikaachia kwa mlio uliotimua mbwa.
Mpya ikaingia. Pini. Grisi mpaka ikafurika.
Iliyobaki nikaongeza kulia,
ingawa hakukuhitaji.

Jioni, kwenye njia ya Gualjaina,
naachia usukani nihesabu.
Moja, mbili, hadi tisa: inakwenda sawa,
sawa kabisa,
na mikono yangu, hewani,
bado inavuta kulia.