Sarafu za Lifti

Miaka kumi na tisa niliishi chini ya miguu yake:
yeye ghorofa ya sita, mimi ya tano,
katika jengo la zege pale Chiatura,
mji uliochimbwa manganizi hadi mto ukawa wino.
Tekla nilimjua kwa dari kabla ya kumjua kwa sura.
Gongo, gongo, mburuto.
Gongo, gongo, mburuto.
Alfajiri akienda kuchemsha maji,
usiku wa manane akirudi dirishani.
Nami niligonga bomba kwa mwiko. Naam, mimi.
Mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Siku moja alishuka kunijibu.
Ngazi kumi na nane, karibu nusu saa.
Alisimama mlangoni, jasho likimtona kidevuni,
na maneno yakaanza kuja
kama gari linalokataa kuwaka asubuhi ya barafu.
Nilingoja.
"Shangazi Tsiala. Huo mwiko. Unaniharibia. Mdundo."
Kisha akacheka kwa mwili mzima,
ikabidi nimdake asianguke.
Alikula supu yangu ya maharage, akasema haina chumvi.
Ilikuwa kweli.

Lifti yetu hula sarafu.
Tetri kumi, ndipo ipande; huna, inafumba mdomo.
Na mkono wa Tekla ulikuwa na mambo yake:
sarafu ilizunguka tundu kama nzi anayetafuta pa kutua,
kushoto, juu, kushoto tena,
na sisi nyuma yake na mifuko ya viazi
tukijifanya tunasoma tangazo la maji.
Ole wako umpokonye.
"Tatu zangu," alisema, "ya nne yako."
Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya jengo.
Wakati mwingine ya tatu iliingia,
naye akatugeukia kama aliyefunga bao.

Lifti ilipokufa alimwandikia meya
kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi.
Barua arobaini na moja. Alijibiwa mbili.
Moja ilianza: "Mheshimiwa Bwana Tekla."
Hiyo aliitia fremu, akaitundika chooni.

Februari, mapafu. Siku nne tu.
Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Jeneza halikuenea kwenye lifti.
Bondo wa ghorofa ya tatu alilishika upande wa kichwa,
yeye aliyembeba mgongoni kila umeme ulipokatika,
akikaripiwa njia nzima: mimi si gunia, Bondo, kona hiyo, polepole.
Sasa kila kona alisimama,
akainamisha sikio kwenye ubao.
Hakuna aliyemkaripia.
Akaligonga ukutani, ghorofa ya pili, na hapo ndipo akalia.

Mezani, wageni kutoka Kutaisi waliinua glasi.
Hujafa hujaumbika, walinong'ona,
kana kwamba ndiyo kwanza ameumbika.
Malaika, walisema. Sasa anakimbia huko aliko.
Nilimeza divai yangu pamoja na jibu.
Malaika gani aliyenidai lari mbili za karata
na kunikumbusha kila Jumapili?
Na kama anakimbia,
akipita siku moja juu ya dari yangu,
nitamjuaje?

Marekhi, mama yake, siku hizi hutembea na soksi.
Sisikii kitu. Nalala vibaya.
Ameniletea gudulia la sarafu, la kachumbari,
bado linanuka siki.
"Zitumie wewe," akasema, "mimi napanda ngazi."

Basi nasimama mbele ya lifti na tetri kumi.
Nakosea kushoto.
Nakosea juu.
Kijana wa ghorofa ya nane anaguna nyuma yangu,
mgeni, hajui sheria.
"Mama, nikusaidie?"
Bado, namwambia. Bado moja.