Dadu ya Nyuso Ishirini

Umeme Mabatini umekatika tangu magharibi.
Tunacheza kwa koroboi, juu ya kreti la soda;
ngome imechorwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
imeng'ang'ania mawe kama nyumba za huku kwetu.

Mimi ni askari: deraya, ngao, shoka,
uhai tisini na mbili. Lango nalivunja kwa bega.
Ng'wasi kachagua mnyatiaji,
uhai thelathini, kisu kifupi kama cha kuparia sato,
na viatu visivyosema.

"Wewe unapigwa ili mimi nipite," ananiambia,
anarusha dadu. Kumi na tisa.
Majitu sita yamenigeukia mimi;
yeye keshatoka na funguo,
hata Lushinge anayesimulia mchezo hajui saa ngapi.

Nabisha: nguvu ni kusimama unapoonekana.
Anacheka bila sauti. Ndiyo fani yake.

Mlango unagongwa. Ule wa kweli.
Mwenye nyumba, kodi ya miezi miwili.
Mimi, uhai tisini na mbili,
nazima koroboi kwa pumzi moja,
najibana nyuma ya pazia.

Ng'wasi ndiye anayefungua.
Anasimama katikati ya kizingiti,
mwembamba, hana ngao:
"Karibu, mzee. Tupo."