Lepaoja, Mwezi wa Saba

Kwenye ramani ya zamani ya Ülo, ile ya enzi ya Warusi,
mto ni uzi wa buluu usiozidi unywele.
Kwenye ramani mpya haumo.
"Basi hapo ndipo penye samaki," akasema,
akazima gari kando ya daraja lililobaki nguzo.

Tuliyatafuta maji kwa masikio.
Macho yaliona upupu tu, upupu wa kufika kidevuni,
na rasiberi mwitu, na mierebi iliyolala kifudifudi
kama watu waliotoka harusini.
Sauti ilikuwa chini, ndogo,
ya mtu anayejisemea jikoni.
Nikatia mguu mahali nilipodhani ni nyasi,
nikakutana na Lepaoja hadi pajani.

Ülo alicheka mpaka akakohoa.
Alipokohoa nikaukumbuka mshono wa kifuani mwake,
Machi, hospitali ya Tartu, dirisha lenye theluji;
nikajifanya nakaza buti.

Hapa hurushi mshipi kama watu wa kwenye kalenda.
Hakuna mbingu ya kurushia.
Unapiga magoti, unaishika ndoano kwa vidole viwili,
unavuta mpaka ufito upinde kama manati,
unaachia,
na mara tisa kwa kumi unavua mti.
Tulivua miti mingi.
Ülo alinivua kofia.
Mimi nilijivua heshima kidogo kidogo,
kwa maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Biva, wale wenye mikia kama miko,
walikuwa wameziba mto mara tatu,
vijiti vimepangwa kwa ubishi,
visiki vimechongwa ncha
kama penseli za mtoto anayeogopa mtihani.
Tukapanda, tukateleza, tukapokezana mfuko.
Kila hatua ishirini Ülo alisimama,
kutazama ndege, alisema.
Hapakuwa na ndege.
Nami nikasimama, nikamtazama ndege huyohuyo.

Saa nane na nusu, kwenye ulimi wa tope:
nyayo.
Buti. Watu wawili.
"Tumetanguliwa," akanong'ona,
kama mtu aliyekuta viatu vigeni mlangoni pake.
Tukamshuku Heino wa duka la vipuri,
anayejua kila kitu na kukisema mara mbili.
Tukamshuku shemeji yake.
Tulimsengenya Heino kwa moyo wote,
mbu wakituitikia,
mpaka Ülo akainama akaokota ganda la yai.
Akaligeuza. Akaninyooshea.
Lilikuwa yai lake. La saa sita,
tulipokaa hapo kula mkate mweusi.

Mto ulikuwa umezunguka kama sikio
ukarudi nyuma ya shingo ya nchi kavu:
hatua kumi na mbili, nimezihesabu,
kati ya tulipoondoka na tulipofika.
Saa mbili na nusu za jasho!
Tukaketi juu ya nyayo zetu wenyewe
bila la kuwaambia.

Ndipo, chini ya mzizi tuliokuwa tumeupa mgongo
wakati tunamenya mayai,
maji yakafanya duara dogo.
Ülo akapiga magoti. Akavuta. Akaachia.
Ndoano ikapita kwenye tundu la majani
ambalo sikuliona, na silioni hata leo.

Trauti, urefu wa kiganja,
mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa weupe.
Hakumtoa majini. Alimlegeza ndoano humohumo,
akamwelekeza uso kule maji yanakotoka,
akafungua vidole.
Samaki akaenda.
Mkono wa Ülo ukabaki ndani ya maji
muda mrefu kuliko samaki alivyouhitaji.
Sikusema kitu. Mdiria akapita, buluu, wa kweli,
na hakuna aliyeinua kichwa.

Kisha akaitoa ramani, akalichora lile sikio
kwa kalamu ya wino, nene kupita kiasi,
akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia mtoni tena
hadi kiunoni, mfuko na vyote.

Tulipoikunjua jioni juu ya boneti la gari
wino ulikuwa umetambaa hadi mashambani.
Sasa Lepaoja ni pana kama ziwa,
limemeza reli na vijiji viwili,
na Heino hatujamwambia.