Jina Lisilo na Marehemu

Mungu wa kwanza nilimwita Zh'krathu.
Nilimwazima ng'ombe ile koma yake ya juu,
nikaibandika katikati, nikaona nimetisha.
Hii ni Kiboriloni, nyuma ya mashine ya kopi,
daftari la mauzo nimeligeuza kichwa chini,
maana kurasa za nyuma ndizo za riwaya yangu.
Ndelilio, mdogo wangu, akasoma kwa sauti,
akasoma tena,
akauliza, "Huyu mungu anakohoa?"

Nikamfuta.

Wiki ile nikawa napindua maneno kama soksi.
Barafu ikatoka Ufarab:
dawa ya mafua, vidonge viwili kutwa mara tatu.
Radi ikatoka Idar, nikaona ofisi,
foleni, karani aliyekwenda kunywa chai.
Nani atamchinjia mbuzi karani?
Nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka
tumewachinjia wengi.

Ruwa sikumgusa.
Bibi alikuwa akitoka alfajiri, kanga mabegani,
anatema mate kidogo kuelekea jua linakochomoza,
na Jumapili yuleyule yuko benchi la mbele usharikani.
Jina lile si la kukopesha kwenye vita vya majoka.
Na hata hivyo limejaa mtaani: Haikaruwa anauza vitumbua,
Eli huyu na Eli yule wamepanga maduka hadi barabarani,
kila ukimwita mtu umemwita na Mungu wake,
na mara nyingi unamwita kwa sababu ya deni.

Nilitaka jina tupu,
jina ambalo ukilibishia hodi hakuna anayeitika.
Nikaiba nusu ya mto Weruweru,
mkia nikauvuta hewani. Umeme umekatika,
mshumaa unanuka, nikalitamka:
Werumai.
Mungu wa kike wa wanaongoja zamu ya maji.
Lilikaa mdomoni kama punje ya hindi bichi,
na kabla mshumaa haujaisha
watu wangu wa daftarini wakapata sala:

*Werumai wa mifongo, mwenye funguo za maji,*
*Tumefika kwenye lango, mbele yako wahitaji,*
*Migomba yashusha shingo, kama mfiwa wa mji,*
*Usiku ni zamu yetu, usimpe mwenye mali.*

Siku ya soko akaja mama mmoja na kitambulisho,
nakala mbili, pande zote.
Nikafunika, mwanga ukapita chini kwa chini,
karatasi ikatoka bado ina joto:
WERUMAI A. KILEO, kuzaliwa 1951.

Mikono ikanilegea. Nikamweleza yote, hadi majoka.
Hakushangaa. Aliketi juu ya boksi la karatasi,
akakilaza kikapu cha magimbi miguuni.
"Baba alilitunga," akasema.
"Alishazika watatu kabla yangu,
kila mmoja na jina la babu au bibi wa ukoo.
Akasema huyu apewe jina lisilo na marehemu ndani yake."

Nje mtu alikuwa anagombea bei ya ndizi mshale.
Mama akakunja nakala mara mbili.
"Huyo wako, kazi yake nini?"
"Anafungua mfongo usiku."
"Usiku? Kwenye mteremko ule?"
Akasugua goti la kushoto.
"Basi andika magoti yanamuuma.
Na wasimpelekee mbuzi, atamtafuna na nini?
Wampelekee mtori."

Nilimdai mia nne. Akatoa mia tatu,
akanitazama.
Nikapokea.

Sura ya saba mungu anashuka kwa upande upande,
mguu wa kushoto kwanza,
mkono kwenye shina la mgomba, tena shina jingine,
anamsema mtu fulani ambaye sijamtunga bado,
na nyuma yake maji,
yamesimama gizani,
yanamngoja apite.