Pangaboi

Mishi amelileta saa sita, jua limesimama wima:
pangaboi la mama, mota imefungwa kwa leso kuukuu,
kalikumbatia kama mtoto wa kuibiwa.
"Dada," aliniita, neno analolimeza akiwa kwetu,
"kasema nipeleke kwa fundi. Hakusema yupi."
Akaketi ukingoni mwa kitanda, buibui hakuvua,
akatazama ukuta: kalenda ya duka la rangi,
picha ya Shebwana na ndevu zake nane
anazozihesabu kila Ijumaa.

Huku Mtopanga twaishi kwa adabu ya paka.
Mwenye nyumba ataka kodi tarehe tano, hadithi hataki.
Mimi nakanda mahamri kabla ya adhana,
yeye ananishikia tochi stima ikipotea.
Usiku humvua ile fulana ya kubana kifua,
mistari myekundu imelala mbavuni mwake,
naipuliza, kama uji wa mgonjwa.

Kwao Likoni walimsomea hitima angali hai.
Binti yetu kafa, walisema, na watu wakala.
Jirani akamletea sahani ya pilau
ya msiba wake mwenyewe.
Akaimaliza. Akasema bizari imezidi.

Mimi mama hakuniua. Alinifungia mlango tu.
Kila mwisho wa mwezi namtumia elfu moja,
na simu yake humwonyesha jina la kitambulisho,
la kanzu na kofia, alilonichagulia yeye.
Jina laingia mpaka chumbani.
Mwenyewe nimebaki barazani.

Shebwana kalifungua sakafuni. "Kapasita tu."
Akapangusa mapanga, vumbi likaanguka,
vumbi la chumba nilichozaliwa,
nikamwambia ngoja kwanza, usifagie.

Magharibi Mishi kapiga simu, ananong'ona:
lazunguka. Mama kalala chini yake, kajinyoosha.
Kauliza fundi kataka ngapi.
Hakutaka kitu.
Kanyamaza sana.
"Mwambie ana mkono mzuri."

Leso hakuiulizia.
Na leso hununuliwa doti; kipande cha pili
kiko kabatini kwake, rafu ya chini, naijua.
Hiki changu Shebwana kakifutia grisi, mjinga huyu,
nimemgombeza mpaka tumecheka sote wawili
mbele ya feni yetu ya mezani
isiyogeuza shingo.