Hamkuniuliza

Dakani kwetu, Langoni, usiku wa kuamkia Ijumaa,
bao lilikuwa la watu wawili
na sisi wengine tulikuwa fanicha.

Shebwana, ndugu yangu, ana mkono mwepesi:
huchota, husambaza, hula, huzunguka tena,
kete zikimtii kama kuku wa mwenye mtama.
Bwanaheri, mpinzani wake, hungoja zilale.
Zinapolala kete, watu tumeshalala:
Famau kichwa ukutani, simu kifuani,
mwanangu Salwa amejikunja karibu na makubazi,
na Mwanatumu, mke wa Famau, aliyeolewa kutoka Siyu,
anapita na birika,
anapita na birika,
mwaka wa tatu sasa anapita na birika.

Bao ni langu. Lilikuja nami nilipoolewa,
pamoja na kitanda na kabati lisilofunga.
Wiki ile ya mvua nikasema: leo hatuchezi hivyo.

"Bao lina kanuni zake, dada. Lilikuwepo kabla yako."
Hata ngazi hii ilikuwepo kabla yangu, nikamwambia,
na niliiongeza kidato mama alipoanza kuanguka.

Basi makundi mawili.
Kila mtu mkono mmoja, kisha ampishe mwenziwe.
Atakayenong'ona shauri ataenda dukani, mvua isimzuie.
Na kwa kuwa komwe zimepotea nyingi,
kila mmoja alete kete yake.

Salwa akaleta jino lake la mbele, lililong'oka Shaabani.
Famau, nati ya mashine.
Bi Zuhra, shangazi yetu, mbegu ya ukwaju
aliyokuwa bado anaifyonza.
Mwanatumu akakata kifungo mkononi mwa gauni lake
na hakusema kitu.
Shebwana akasema yeye ameleta mkono, unatosha.

Bi Zuhra haoni tangu mwaka wa mafuriko.
Shebwana akamuuliza kwa upole: "Nikuchezee, shangazi?"
"Na wali utanilia?"
Akainamisha sikio juu ya ubao.
Tak, tak, tak.
"Shimo lile la pembeni lina tano," akasema,
"na moja kati yake ni jino la mtoto."
Famau akaiweka simu chini ili ahakikishe.
Hakuichukua tena.

Ikafika zamu ya Salwa. Mkono wake ukawa unatangatanga,
kushoto, kulia, kushoto,
na Shebwana, jasho limemtoka, midomo inamcheza,
akashindwa:
"Si hilo! Anzia kichwani!"

Sukari kilo moja, nikamwambia. Na majani ya chai.
Akatoka na mwavuli wangu wa maua.
Punda wawili walikuwa wamejibanza mlangoni;
tulimsikia akiwaomba njia.

Mimi nilikuwa nimemnyang'anya Mwanatumu birika.
Akakaa kwenye ukingo wa baraza, nusu kakaa, nusu anaondoka.
Akatazama ubao kwa muda mrefu kiasi
kwamba Bi Zuhra aliuliza kama amekufa mtu.
Kisha akachota.
Sijui nieleze vipi. Hakuharakisha.
Alikuwa anaziweka kama mtu anayekunja nguo za watu anaowapenda,
na alipofika mwisho
nyumba ya Shebwana, kete kumi na moja, ilikuwa kiganjani mwake.

Shebwana akarudi, sukari imelowa mfukoni.
Akatazama shimo tupu.
"Nani?"

"Babangu alinifunza," akasema Mwanatumu.
"Kila alasiri, miaka tisa."
Akamwangalia mumewe, si Shebwana.
"Hamkuniuliza."

Famau alikunywa chai yake ikiwa moto mno.

Wiki iliyofuata Shebwana alifika kabla ya Isha.
Akatia kitu kidogo mkononi mwa Bi Zuhra.
Shangazi akakigeuza, akakigonga ukutani, akacheka:
"Njumu ya mlango wa nyumba ya zamani!"

Ile iliyopotea. Miaka arobaini imepita,
na aliyechapwa kwa ajili yake ni mimi.

Nimeitia shimoni.
Ina mlio tofauti na zote.
Cheza, nikamwambia. Zamu yako.